Barua kwa Bibi Nyangi

Daftari la kumi na moja nalo lilikuwa na treni. Mwalimu Okech alilifunga, akafungua la kumi na mbili, akaikuta treni ileile imesimama stesheni ileile, na mama yuleyule mwenye kikapu cha mayai anapanda behewa lilelile. Alicheka, kisha akakasirika, kisha akacheka tena, maana hasira za Okech hazikuwa na subira ya kukaa mahali pamoja.

Hebu fikiria. Mwaka 1957, darasa la saba la shule ya kati pale Nkende, watoto thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona treni. Iliyokuwa karibu ilikuwa Kisumu upande mmoja na Mwanza upande mwingine, na watoto hawa hata basi la Musoma walilijua kwa vumbi lake tu. Lakini ukiwaambia waandike insha ya Kiingereza, wote wanasafiri kwa treni. Mwalimu aliyemtangulia Okech aliwakaririsha insha hiyo neno kwa neno kutoka kwenye kitabu, nao waliimeza kama dawa ya minyoo. Haikuwa na kosa hata moja, wala haikuwa na pumzi.

Akaenda nayo ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Kornelio Mogesi, mtu mrefu wa maneno machache, Mkurya wa hapohapo Tarime.

"Mwalimu Mkuu, nataka waandike jambo lao wenyewe."

"Mkaguzi wa Mwanza anakuja Ijumaa, wiki mbili kutoka leo," alisema Kornelio. "Treni haijawahi kutuangusha."

"Watoto wanajua maneno mia tano ya Kiingereza na hawajawahi kusema nayo hata jambo moja la kweli. Nitawaandikisha juu ya upendo. Kila mtu ana anayempenda, na hilo halikaririwi."

Kornelio alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kusema kitu akakosa mahali pa kuanzia. Mwishowe akasema, "Jaribu. Lakini mkaguzi akija wakababaika, Kiingereza cha darasa la saba nitakichukua mimi, na treni itarudi. Wewe utafundisha kilimo."

Okech alikubali papo hapo, kwa pupa yake ya siku zote. Alikuwa na miaka ishirini na sita, Mjaluo kutoka upande wa Shirati, na alikuwa amefika Nkende Januari ile. Akalipenda lile darasa kwa namna ambayo hata yeye ilimshangaza. Kunyang'anywa kungemuuma kuliko kuibiwa baiskeli, na baiskeli yake aliipenda mno.

Basi Jumatatu aliingia darasani anang'aa. Akaandika ubaoni, kwa Kiingereza na kwa mwandiko mkubwa: Mtu Ninayempenda. Akageuka, akangoja mikono ipande.

Haikupanda. Macho sitini na manne yaliangalia sakafu. Kijana mmoja mcheshi aitwaye Mwikwabe alidondosha penseli, akainama kuitafuta, akakaa huko chini kuliko muda ambao penseli yoyote ingehitaji. Okech akadhani wamekosa maneno. Akawapa maneno: kutamani, kungoja, kukumbuka, kuona haya. Kichwa kimoja baada ya kingine kikazidi kuzama. Akadhani wanataka mfano. Akawapa mfano wake mwenyewe, jinsi alivyokuwa na miaka kumi na sita akatembea kutwa nzima hadi Utegi ili tu amwone msichana aitwaye Aloo akipita na mtungi, na jinsi alivyosahau salamu alipomwona. Kwao Shirati kisa hicho kiliwachekesha watu hadi machozi. Hapa wavulana wawili walinyanyuka wakatoka nje bila ruhusa, na wasichana wanne waliokuwa darasani walijifunika nyuso kwa madaftari.

Jioni alisahihisha. "Nampenda baba kwa sababu ananilipia ada. Nampenda Malkia." Thelathini na moja waliandika hivyo, mistari miwili, wakaweka nukta. Wa thelathini na mbili alikuwa Gati, msichana mkimya wa dawati la mbele, mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote. Yeye aliandika tarehe tu, kwa mwandiko safi, akaacha ukurasa mzima mweupe.

Okech aliona ule ukurasa mweupe kuwa tusi. Siku ya pili alijaribu tena, ya tatu akabembeleza, ya nne akafoka. Wapi. Ijumaa, ikiwa imebaki wiki moja kamili, wakati wa mapumziko alikwenda kuketi juu ya jiwe kando ya ua wa shule, karibu na Bibi Nyangi, mjane mzee aliyekuwa akiwauzia watoto viazi vitamu vya kuchemsha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umekonda kwa wiki moja. Watoto wamekula nyama yako?"

Akamweleza yote, na viazi vikapoa mkononi mwake. Kadiri alivyoeleza ndivyo mabega ya bibi yalivyotikisika, hadi ikabidi ashike ua wa shule asianguke.

"Wewe ni nani wao?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mwalimu wao."

"Mwalimu ni baba. Hata kama ndevu zako bado zinabisha hodi, wewe ni baba. Na kwetu mtoto hamwambii baba mambo ya moyo, wala baba hamwambii mtoto. Iko ensoni kati yao. Ni aibu, lakini siyo aibu mbaya, ni ile aibu ya heshima. Sasa wewe baba umesimama mbele ya watoto ukawaambia ulivyokimbiza msichana wa Utegi." Akacheka tena. "Waliotoka nje walikuwa na adabu. Mimi ningetoka kwa dirisha."

Okech alihisi masikio yakimwaka moto. Ndiyo maana Kornelio alimwangalia vile. Jambo lenyewe kila mtu alilijua kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kumwambia mgeni, na wale wa umri wa baba wasingeweza hata kuanza kulizungumza.

"Sasa mtoto akiwa na jambo la moyoni anampelekea nani?"

"Nani mwingine? Bibi yake. Mbele ya bibi hakuna ensoni. Mimi hawa wote ni waume zangu, na wasichana ni wake wenzangu. Wananiambia mambo ambayo hata sijayauliza."

Okech aliruka kutoka kwenye jiwe kama aliyekalia siafu, na viazi vikasambaa. "Bibi, una nafasi saa nne Jumatatu?"

Jumatatu saa nne Bibi Nyangi aliingia darasa la saba akiwa na kanga safi na mkongojo. Akakalia kiti cha mwalimu. Okech akawaambia watoto wamweleze bibi, kwa Kikurya, kuhusu mtu wanayempenda, halafu akafanya jambo ambalo hakulisomea chuoni. Alitoka nje, akafunga mlango.

Okech alizunguka jengo mara moja, akang'oa nyasi, akazitupa. Ndipo akasikia sauti ya bibi ikimwita mtu, "Mume wangu mwenye masikio, anza wewe," na kicheko kimoja kikubwa kikapiga mabati. Baada ya hapo hakikukoma. Sauti zilipandana, zikakatizana, mtu akapiga dawati, wasichana wakapiga kelele za kushangilia, kisha ghafla kimya, sauti moja ndogo ikiongea peke yake kwa muda mrefu, kisha bibi akijibu taratibu. Okech alishika kichwa. Hakuelewa Kikurya cha kasi ile, lakini alielewa kwamba darasa lake liko hai, na furaha ilimjaa hadi akataka kukimbia. Alizunguka jengo mara tatu, mbiombio, tai begani.

Kornelio alitoa kichwa dirishani. "Nani yuko na darasa la saba?"

"Mtaalamu, Mwalimu Mkuu," alisema Okech bila kusimama.

Aliporudi ndani nyuso zilikuwa zimelowa kwa kicheko na machozi. "Haya," alisema. "Yote mliyomwambia Bibi, mwandikieni barua. Kwa Kiingereza."

Mwikwabe akasimama. "Mwalimu, Bibi hajui kusoma. Utakayesoma ni wewe."

Darasa zima lilipoa. Okech hakuwa amefikiria hilo. Bibi Nyangi ndiye aliyemwokoa, akagonga mkongojo sakafuni. "Mwanangu alipokuwa vitani Burma alikuwa ananiandikia, na karani wa bomani ananisomea. Karani aliyajua mambo yangu yote. Je, niliona haya mbele yake? Anayemsomea mtu barua hana masikio. Ni macho tu. Mwalimu huyu atakuwa macho yangu. Andikeni."

Wakaandika. Kengele ililia, wakaendelea kuandika. Mwalimu wa zamu alikuja kuwafukuza wakapande mihogo, wakamwomba dakika mbili, zikawa ishirini. Walimwita Okech kila upande: Mwalimu, kuna neno la mtu anayejifanya hajali? Mwalimu, harufu ya mvua inasemwaje? Alikimbia kutoka dawati hadi dawati, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu afike pale walikuwa wanamdai Kiingereza badala ya yeye kuwasukumia.

Jumanne mchana, baada ya vipindi, aliketi na madaftari yale nje ya nyumba yake. Makosa yalikuwa mengi, tena ya kutisha. Hakujali. Mwikwabe alimpenda msichana wa ng'ambo ya mpaka, karibu na Sirari, na kila wiki aliazima mbuzi za jirani azivushe kwenda malishoni kule ili awe na sababu ya kupita. Mwingine alimpenda kaka yake aliyekwenda kulima huko Machochwe, na tangu aondoke anakula polepole, kwa kuwa hakuna wa kugombania naye mboga. Okech alisoma kwa sauti, alisimama, alikaa, alimwamsha mbwa wa jirani ili apate wa kumwambia.

Kisha akafungua daftari la Gati.

"Bibi mpendwa," aliandika Gati kwa Kiingereza chake kifupi kifupi. "Mama yangu alikufa mwaka juzi. Ng'ombe za baba za kuolea mke mwingine zilikufa kwa ndigana. Kusaga wimbi ni kazi yangu. Lakini nikisaga asubuhi nachelewa shule. Siku moja nilizinduka alfajiri nikasikia jiwe la kusagia. Alikuwa baba. Alikuwa ameziba mlango kwa ngozi ili majirani wasisikie. Mwanamume wa kwetu hashiki jiwe la kusagia. Sikuinuka, kwa sababu nikiinuka ataona aibu. Akimaliza anatoka nje, anakohoa, ananiita niamke. Nakuta unga. Anasema shangazi alipita mapema. Nasema asante kwa shangazi. Sasa ni mwaka mmoja. Kila siku nasikia jiwe na nafumba macho. Bibi, huyo ndiye mtu ninayempenda."

Okech alisoma mara tatu. Alisahihisha mahali pawili tu. Kesho yake alimsomea Bibi Nyangi barua zote, kwa Kiswahili. Kwa nyingine zote bibi alicheka. Kwa ile ya Gati aliomba isomwe tena, kisha akasema, "Ya humo yaishie kwangu."

Ijumaa ikafika. Mkaguzi, Mwingereza mwenye kaptula ndefu na adabu nyingi, aliingia darasa la saba na Kornelio. Wazazi walikuwa wameitwa, kama desturi ya shule siku ya ukaguzi. Wanaume kumi na tano walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, mwenyekiti wao Nikolaus, aliyekuwa katekista, akiwa katikati. Bibi Nyangi aliwekewa kiti mbele, kwa ombi la Okech. Kwenye benchi la mwisho alikuwapo Heche, baba yake Gati, mtu mpana, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

Mkaguzi alichukua madaftari mezani akaanza kusoma kwa kusimama. Alitabasamu. Alifunua jingine, akacheka kabisa. Okech alimtupia jicho Kornelio, na Kornelio alikuwa ameinua nyusi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita ndoto. Mkaguzi akafungua daftari moja, akaacha kucheka. Akasoma hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Gati ni nani?" aliuliza kwa Kiingereza. "Tafadhali, nisomee hii."

Okech alitaka kumpendekeza Mwikwabe asome yake, lakini Gati alikwisha kusimama. Alimgeukia Bibi Nyangi, akawapa wanaume mgongo, akasoma. Kiingereza kilimkinga. Baba zake wote walikuwa nyuma yake na hakuna aliyejua neno. Sauti yake ilianza chini ikapanda, na alipofika kwenye jiwe la kusagia mkono wake usio na daftari ulisukuma mbele na kurudi, mbele na kurudi, bila yeye kujua. Kornelio, aliyeelewa kila neno, aligeuka akaangalia nje dirishani.

Mkaguzi alipiga makofi. "Safi sana. Nami nataka wazazi wafurahi pamoja nasi. Mwalimu Okech, watafsirie kwa Kiswahili."

Okech alipiga hesabu. Akitafsiri, Heche anavuliwa nguo mbele ya rika lake. Asipotafsiri, darasa limekwenda. Na ilikuwepo njia ya tatu, rahisi, ilikuwa tayari ulimini: anasema anampenda baba yake kwa sababu anamlipia ada. Nani angejua? Mkaguzi mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini ulimi ulikataa. Kusema uwongo juu ya barua ile kungekuwa kubaya kuliko treni zote thelathini na mbili.

"Bwana," alisema kwa Kiingereza, "barua hii ina mwenyewe. Kwanza niombe ruhusa." Akachuchumaa mbele ya Bibi Nyangi. "Bibi, wanataka nisome barua ya Gati kwa Kiswahili."

"Barua ni yangu," alisema Bibi Nyangi, akapaza sauti ili wote wasikie. "Yaliyomo nayajua. Hayatoki."

Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi. Mkaguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafungua kijitabu chake cha taarifa. Nikolaus akainuka, akajikohoza kwa ukatekista wake.

"Tunaomba kuelewa," alisema. "Wageni wawili wanajua alichosema binti yetu, na bibi anajua, ila sisi baba zake ndio hatujui. Tunasikia darasa hili linaandika mambo ya mapenzi. Kama barua ni njema, kwa nini ifichwe? Binti wa miaka kumi na tano anampenda nani?"

Wanaume waliguna. Mmoja akasema jambo kwa Kikurya, na Gati, ambaye bado alikuwa amesimama, akakunja daftari hadi likawa fimbo mkononi mwake. Okech akaona Kornelio anaondoka dirishani na kupiga hatua kuelekea mbele, na akajua kwamba lililobaki sasa ni kuambiwa akashike jembe. Aliogopa, na chini ya hofu palikuwa na hasira, maana aliyelipia wazo lake hakuwa yeye, alikuwa ni yule mtoto.

Ndipo benchi la mwisho likalia. Heche alikuwa amesimama.

Hakumtazama binti yake, wala binti hakugeuka. Alimwelekea Bibi Nyangi, akaanza kwa kumwita mama, kisha akasema naye kwa Kikurya, taratibu, sentensi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga mawe. Okech alinasa neno moja tu, jiwe. Halafu Heche aliinua mikono yake miwili, mbele ya wanaume wote wa rika lake, akaisukuma hewani mbele na kuirudisha, mbele na kuirudisha, kama alivyoona mkono wa Gati ukifanya. Hakuna aliyecheka. Nikolaus alikaa chini taratibu. Bibi Nyangi alifunika mdomo kwa kanga, na Heche alipomaliza naye akakaa, mikono juu ya magoti.

"Amesema nini?" aliuliza Mkaguzi.

Okech akamgeukia Kornelio, na akaona macho ya Mwalimu Mkuu yamejaa maji.

"Mwalimu Okech," alisema Kornelio, "hili ni darasa lako. Mpe mwanafunzi wako atafsiri."

Gati alinyoosha daftari lililokunjamana, ingawa hakuwa na cha kusoma. Akasimama wima, uso kwa Mkaguzi na mgongo kwa baba yake, akasema kwa Kiingereza:

"Anasema anayesaga ni yeye. Anasema shangazi hakuwahi kupita hata siku moja. Anasema bibi anifikishie habari kwamba alijua niko macho, tangu siku ya kwanza."

Katika sentensi zile tatu Okech hakuona la kusahihisha.